Kawi Safi, Ardhi ya Nani? Somo Kuhusu Vibali vya Miradi ya Umeme Taita Taveta

Mradi wa umeme wa jua au wa upepo unapopendekezwa, maswali mawili huibuka. Mwekezaji huuliza kibali kitatoka lini. Mwenyeji huuliza malisho, makaburi, chemchemi na njia za mifugo zitakuwaje. Wengi huyaona maswali haya kama yanayovutana: ukiharakisha kibali unaumiza jamii, ukisikiliza jamii unachelewesha umeme.

Historia ya miradi ya kawi nchini Kenya inaonyesha jambo jingine. Miradi iliyokwama kwa miaka mingi ni ile ambayo mahali pa kujenga na haki ya ardhi havikuamuliwa mapema na kwa uwazi. Somo hili linaeleza hali ya ardhi katika kaunti, sheria zinazohusika, mafunzo kutoka kaunti nyingine, na mabadiliko yanayoweza kufanya kibali kitoke haraka bila mwananchi kupoteza sauti.

Hesabu ya ardhi

Kaunti ya Taita Taveta ina ukubwa wa takriban kilomita mraba 17,084. Karibu asilimia 62 ya eneo hilo iko ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Kinachobaki ni kama kilomita mraba 6,500, na humo ndimo mlimo mashamba ya familia, ranchi, mashamba ya mkonge, miji ya Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, pamoja na misitu ya vilele vya milima. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 340,671 katika kaunti hii.

Juu ya ardhi hiyo hiyo hupita miundombinu inayohudumia nchi nzima: barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, reli ya zamani, reli ya SGR, bomba la mafuta, bomba la maji kutoka Mzima hadi Mombasa, na njia kuu ya umeme ya Mombasa–Nairobi yenye urefu wa kilomita 482. Wakazi wengi wanajua maana ya kupitiwa na kitu ambacho faida yake inaonekana kwingine.

Wanyamapori nao hawasomi mipaka ya mbuga. Hesabu ya kitaifa ya mwaka 2021 ilipata karibu tembo 15,000 katika eneo pana la Tsavo. Wengi wao huvuka kati ya mbuga hizo mbili wakipitia ranchi na hifadhi za jamii kama LUMO, inayounganisha ardhi ya Lualenyi, Mramba na Oza. Anayejua usiku wa kulinda mahindi dhidi ya tembo anaelewa kinachotokea njia ya wanyama inapozibwa: tembo hutafuta njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo hupita shambani.

Kwa hiyo, katika kaunti hii, mahali panapojengwa mradi huwa na uzito kuliko ukubwa wake. Kituo cha sola cha Garissa, kinachozalisha takriban megawati 50 na kilichozinduliwa Desemba 2019, kinakalia hekta 85, yaani kama ekari 210. Ekari 210 zilizozungushiwa ua pembeni mwa barabara, mahali ambapo kichaka kilishakatwa, zinaweza zisimsumbue mtu. Ekari hizo hizo zikiwekwa katikati ya mapito ya tembo au mbele ya kisima cha mifugo, zitaleta mgogoro wa miaka 25, ambao ndio umri wa kawaida wa paneli.

Nyaya pia zinahitaji ardhi. Njia ya umeme ya kilovolti 132 huhitaji ukanda wa upana wa mita 30, na ile ya kilovolti 400 huhitaji mita 60. Katika ukanda wa mita 60, kila kilomita moja huchukua karibu ekari 15. Mwenye shamba habadilishi hati yake, lakini haruhusiwi tena kujenga nyumba wala kupanda miti mirefu katika sehemu hiyo.

Nani anaamua nini

Hakuna ofisi moja inayotoa ruhusa yote. Chukua mfano wa kufikirika: kampuni inataka kujenga kituo cha sola cha megawati 50 upande wa Maktau. Italazimika kupita milango ifuatayo.

*Mlango wa ardhi.* Ikiwa ardhi ni ya mtu binafsi, kampuni hukubaliana naye. Ikiwa ni ardhi ya jamii iliyosajiliwa, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inadai makubaliano yapitishwe na thuluthi mbili ya wanajamii watu wazima katika mkutano wa jamii. Makubaliano hayo lazima yaeleze tathmini ya athari, fidia, mgao wa mapato, na jinsi ardhi itakavyorejeshwa katika hali yake mradi ukiisha. Hapa kuna jambo la kuangaliwa sana Taita Taveta: baadhi ya ranchi zinamilikiwa na kampuni za wanahisa, na ulinzi huo wa ardhi ya jamii hauwafikii wanahisa moja kwa moja. Kinachowalinda ni katiba ya kampuni yao na mkataba watakaotia sahihi.

*Mlango wa mazingira.* Mamlaka ya kitaifa ya mazingira, NEMA, hutoa leseni baada ya tathmini ya athari kwa mazingira. Kwa mradi unaohitaji tathmini kamili, kanuni za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi kufanya angalau mikutano mitatu na watu watakaoathiriwa. Karibu na mbuga, maoni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ni ya lazima kwa mtu yeyote anayetaka uamuzi utakaosimama. Asiyeridhika na uamuzi wa leseni anaweza kwenda kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira ndani ya siku 60.

*Mlango wa upangaji.* Huu ndio mlango wa kaunti. Sheria ya Upangaji wa Ardhi ya mwaka 2019 inasema hakuna ujenzi bila kibali cha maendeleo kutoka kwa waziri wa kaunti anayesimamia upangaji. Mwombaji analazimika pia kuujulisha umma kuhusu mradi wake. Anayepinga uamuzi ana siku 14 kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za upangaji, na kutoka hapo anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

*Mlango wa kawi.* Mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, EPRA, hutoa leseni ya kuzalisha umeme. Anayezalisha umeme usiozidi megawati 1 kwa matumizi yake mwenyewe hahitaji leseni hiyo. Kwa hiyo shule, hospitali au kiwanda kidogo kinaweza kuweka sola kwenye paa bila kupita mlango huu.

Juu ya milango hii yote kuna Katiba. Jedwali la Nne linaipa serikali ya kitaifa sera ya kawi, na kuipa kaunti mipango na maendeleo, pamoja na usambazaji wa umeme katika ngazi yake. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 nayo inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa kawi, utakaoingizwa katika mpango wa kitaifa.

Kifungu ambacho wengi hawakijui

Katika sheria ya upangaji ya mwaka 2019 kuna kifungu kifupi chenye nguvu kubwa. Kinasema kwamba mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, kibali kinahesabiwa kuwa kimetolewa.

Nia ya kifungu hicho ni njema: kuzuia faili kulala mezani. Lakini matokeo yake yanategemea idadi ya wapangaji, wapimaji na magari ya kwenda kukagua eneo. Penye maafisa wachache, siku 60 hupita upesi, na ukimya unageuka ruhusa. Mwananchi aliyekuwa akingoja kuitwa barazani anaweza kukuta muda umekwisha kabla hajasikia jina la mradi.

Hapa ndipo haraka na ulinzi vinapokutana. Kuongeza siku peke yake hakutasaidia, kwa sababu faili isiyo na taarifa itakaa siku 120 kama ilivyokaa 60. Kinachosaidia ni ofisi kuwa na majibu mengi tayari kabla faili haijaletwa: njia za wanyama ziko wapi, chemchemi ziko wapi, ardhi ipi ina mkataba gani.

Mafunzo kutoka kaunti nyingine

*Kinangop, Nyandarua.* Mradi wa upepo wa takriban megawati 60 ulisitishwa Februari 2016 baada ya maandamano ya wakazi. Malalamiko yalihusu ardhi, fidia, na habari walizopata kuhusu afya na usalama. Upepo haukupungua na fedha zilikuwepo. Kilichokosekana ni makubaliano na watu wa mahali pale.

*Ziwa Turkana, Marsabit.* Huu ni mradi mkubwa wa upepo wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini njia ya kusafirisha umeme hadi Suswa ilikamilika Septemba 2018, baada ya mvutano kuhusu fidia ya ardhi na kufilisika kwa mkandarasi. Kisha Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kuwa hati za ekari 150,000 zilitolewa bila kufuata utaratibu wa sheria. Mitambo ilikuwa imeshazunguka kwa miaka mitatu wakati swali la ardhi liliporudi mezani.

*Lamu.* Mradi wa makaa ya mawe si kawi safi, lakini uamuzi wake ni somo kwa wote. Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mradi huo, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo.

*Olkaria, Nakuru.* Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha upanuzi wa mradi wa mvuke. Malalamiko yao yalifika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na ikabidi pande zote zikae kwenye upatanishi.

*Kipeto, Kajiado.* Mradi huu wa upepo wa takriban megawati 100 ulianza kuuza umeme mwaka 2021. Wenye ardhi walibaki na hati zao na kukodisha sehemu za mitambo, na ng'ombe huendelea kulisha chini yake. Kwa sababu eneo hilo lina tumbusi walio hatarini, waliwekwa waangalizi wa ndege wanaoweza kuagiza mtambo usimamishwe tumbusi anapokaribia. Kipeto inaonyesha kuwa masharti ya kulinda mazingira yanaweza kuandikwa na yakatekelezwa bila kuua mradi.

Katika mifano mingi kati ya hii, gharama kubwa ilitokana na swali lililoachwa bila jibu mwanzoni.

Mabadiliko yanayoweza kusaidia

Kaunti haiwezi kubadili sheria za kitaifa, lakini ina mipango yake, kanuni zake, ada zake na utaratibu wa ofisi zake. Mapendekezo yafuatayo yanaweza kujadiliwa katika wadi na katika Bunge la Kaunti.

*1. Ramani itangulie maombi.* Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inazitaka kaunti kuwa na mpango wa miaka kumi wa matumizi ya ardhi unaotumia ramani za kidijitali. Mpango kama huo unaweza kugawa maeneo kwa rangi tatu. Nyekundu ni mahali pasipoguswa: mbuga, misitu ya Ngangao, Mbololo na Chawia yenye ndege na mimea isiyopatikana kwingine duniani, chemchemi, na misitu mitakatifu ya fighi. Manjano ni mahali pa masharti makali: mapito ya tembo, malisho ya ukame, na ranchi zenye mikataba ya kaboni. Kijani ni ardhi iliyokwisha kubadilishwa: kandokando ya vituo vya umeme na barabara, machimbo yaliyoachwa, na mapaa ya majengo ya umma.

Fighi zinahitaji kutajwa kwa jina. Nyingi hazionekani kwenye hati yoyote, ingawa Katiba, katika Kifungu cha 63, inatambua misitu ya jamii, malisho na mahali pa ibada za jadi kuwa ardhi ya jamii. Wazee wa kila kijiji ndio wanaojua mipaka yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Fighi isiyo kwenye ramani ni mali ya namna hiyo.

Njia hii inatumika kwingine pia. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya uliagiza nchi wanachama kuchora maeneo ya kuharakisha miradi ya kawi safi, nje ya hifadhi za asili. Ndani ya maeneo hayo, kibali cha mradi wa nchi kavu kinatakiwa kutoka ndani ya mwaka mmoja. Nje yake, ndani ya miaka miwili. Haraka inakuja kwa sababu kazi ya kuchunguza mahali ilishafanywa.

*2. Mlango ulingane na ukubwa wa mradi.* Paneli za kisima cha kikundi cha akina mama huko Kasigau hazipaswi kupita utaratibu ule ule wa kituo cha ekari 200. Utaratibu mfupi kwa miradi midogo huwaachia maafisa muda wa kukagua ile mikubwa.

*3. Saa ianze faili ikiwa kamili.* Ofisi inaweza kutoa orodha ya nyaraka zinazohitajika na kumpa mwombaji stakabadhi siku faili inapokamilika. Siku hiyo hiyo, tangazo libandikwe kwenye ofisi ya wadi na ya chifu, kwa Kiswahili, likiwa na ramani na tarehe ya mwisho ya maoni. Mwombaji ajue saa yake imeanza, na mwananchi ajue yake pia.

*4. Mgao wa faida uandikwe mapema.* Kwa mvuke wa ardhini, Sheria ya Kawi imeweka wazi mgao wa mrabaha: asilimia 75 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii. Kwa jua na upepo haikuweka mgao kama huo. Kwa miradi ya kaboni inayotumia ardhi, sheria ya mabadiliko ya tabianchi iliyorekebishwa mwaka 2023 inaipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya kuondoa gharama za uendeshaji. Maana yake ni kwamba jamii inayotoa ardhi kwa sola inapata kile tu kilicho ndani ya mkataba wake. Wanajamii wa eneo la Kasigau, ambako mradi wa msitu ulianza kupata hati za kaboni mwaka 2011, wana uzoefu wa mikataba ambao wadi nyingine zinaweza kujifunza. Ni muhimu pia kukumbuka kwamba ardhi iliyoahidi kutokata miti kwa ajili ya kaboni haiwezi kufyekwa kwa ajili ya paneli bila kuvunja ahadi ya kwanza.

*5. Dhamana ya kuondoa mitambo.* Kampuni inaweza kuuzwa au kufilisika kabla ya miaka 25. Fedha za kung'oa paneli, nguzo na misingi ya saruji zinafaa kuwekwa kando tangu mwanzo, ili mjukuu wa mwenye ardhi asirithi vyuma.

Hoja za upande wa pili

Wapo wanaosema masharti haya yatawafukuza wawekezaji wakaenda kaunti jirani. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa vijana wanahitaji kazi, biashara za Voi zinaumizwa na umeme kukatika, na kila mwaka wa kungoja ni mapato yanayopotea. Ndiyo maana mapendekezo ya kwanza na ya pili ni muhimu kuliko mengine: yanampa mwekezaji eneo ambalo anajua tangu siku ya kwanza kwamba hatapigwa vita. Ramani pia inaweza kuzua ubishi wakati wa kuichora, hasa ardhi ya mtu inapotiwa rangi nyekundu au manjano. Ubishi huo ni afadhali ufanyike barazani, kabla ya chochote kujengwa, kuliko mahakamani mitambo ikiwa imesimama.

Mambo ya kuuliza mradi unapoletwa

Mwananchi anayehudhuria baraza la mradi wa kawi anaweza kwenda na orodha hii:

- Ardhi hii ni ya nani kisheria: mtu binafsi, kampuni ya wanahisa, jamii au kaunti?
- Mradi utazungushiwa ua? Mifugo na wanyamapori watapita wapi?
- Maji ya kuoshea paneli yatatoka wapi wakati wa kiangazi?
- Nyaya zitapita katika mashamba ya nani, na fidia italipwa kabla au baada ya ujenzi?
- Ripoti ya mazingira inasomwa wapi, na siku ya mwisho ya kutoa maoni ni ipi?
- Faili ya kibali ilipokelewa lini na kaunti, na siku ya 60 ni tarehe ngapi?
- Jamii itapata nini kila mwaka, na nani atakagua hesabu?
- Mkataba ukiisha, nani ataondoa mitambo na kwa fedha zipi?

Maoni ya mdomo yana thamani, lakini yaliyoandikwa, yenye tarehe na sahihi, ndiyo yanayobaki kwenye faili. Asiyeweza kuandika amwombe mwalimu, karani wa wadi au kijana wa familia amwandikie, kisha abaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Maswali ya kujadili katika vikundi na mabaraza

1. Katika wadi yenu, ni mahali gani pangetiwa rangi nyekundu, manjano na kijani? Nani anafaa kuulizwa kabla ya kuamua?
2. Kifungu cha siku 60 kinawasaidia nani, na kinaweza kuwaumiza nani?
3. Kati ya fedha taslimu, umeme wa bei nafuu, kazi na hisa, jamii ingechagua kipi kwanza, na kwa nini?
4. Ni mafunzo gani ya Kinangop, Marsabit na Kipeto yanayofaa zaidi hali ya Taita Taveta?